Vitreni vya urithi havitembei: dalili, visababishi na la kufanya

Mwenyewe ametangulia mbele ya haki, maboksi yameletwa kwako, na ndani yake kuna vichwa vya treni za mfano, mabehewa, vipande vya reli na transfoma zenye nyaya zilizokauka. Wengi wetu tunakutana na urithi wa namna hii tukiwa Uingereza, Ujerumani au Marekani, kutoka kwa baba mkwe au mzee wa jirani. Wengine wameletewa Mombasa au Muscat na ndugu aliyeishi huko miaka mingi. Jambo la kwanza ambalo mkono unatamani kufanya ni kuchomeka plagi ukutani ili kuona kama vinatembea.

Usichomeke. Vichwa vilivyokaa kabatini miaka thelathini, sehemu kubwa havijafa. Vimegandwa na mafuta ya zamani tu. Vingi hufa siku ile mrithi anapovipa umeme usio wao. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na utambuzi, unapita kwenye transfoma, ndipo unafika kwenye mota.

Na kama treni zimefungwa juu ya ubao mkubwa wenye nyaya chini yake, piga picha kila upande kabla hujakata hata waya mmoja. Tafuta pia daftari. Watu wa hobi hii huandika kila kitu: tarehe ya kununua, namba ya kichwa, rangi ya waya na kazi yake. Daftari hilo litakuokolea kazi kubwa.

Umeshika nini?

Chukua rula, pima umbali kati ya kingo za ndani za reli mbili. Milimita 32 ni saizi iitwayo O. Milimita 16.5 ni HO au 00, zinazotumia upana mmoja wa reli ingawa HO imepunguzwa mara 87 na 00 ya Waingereza mara 76. Milimita 9 ni N. Milimita 6.5 ni Z, iliyotolewa na kampuni ya Märklin mwaka 1972. Milimita 45 mara nyingi ni LGB, zile treni kubwa za bustanini za Kijerumani zilizoanza 1968.

Milimita 12 ndiyo inayochanganya. Inaweza kuwa TT, au inaweza kuwa HO ya reli ya mita moja, yaani reli kama ile yetu ya zamani kutoka Mombasa kwenda Kampala. Ukikuta humo kichwa kirefu chenye matangi mbele na nyuma na herufi EAR ubavuni, kiweke chini taratibu. Hiyo ni Garratt. Zile kubwa za daraja la 59 zilikuwa 34, zikaundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, na kupewa majina ya milima. Moja, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kielelezo chake kina uwezekano mkubwa wa kuwa kazi ya mkono, kwa hiyo si cha kujifunzia kufungua skrubu.

Upana wa reli haukuambii aina ya umeme. Reli mbili tupu za 00, HO au N karibu kila mara ni DC (umeme unaokwenda upande mmoja) ya volti 12. Ukiona reli ya tatu katikati, au mstari wa vitone vya chuma juu ya mataruma, hapo tulia. Märklin wa Göppingen, Ujerumani, wanatumia AC (umeme wa kwenda na kurudi): hadi volti 16 za kuendeshea, na mshtuko wa volti 24 wa kugeuza mwelekeo. Lionel wa Marekani nao ni AC. Lakini Hornby Dublo, iliyotoka kiwanda cha Meccano cha Binns Road, Liverpool, kuanzia 1938, nayo ilikuwa na reli ya tatu mpaka reli mbili zilipoingia mwaka 1959, na mota yake ni ya DC. Trix wa Nürnberg walianza na AC wakahamia DC baadaye. Mrithi anaona reli ya katikati, anaona transfoma ya Märklin kwenye boksi lilelile, anaviunganisha. Kichwa cha Dublo kinanguruma, kinatetemeka, kinapata moto, na sumaku yake iliyokwisha kuzeeka inazidi kudhoofika.

Njia rahisi ya kujihakikishia haihitaji umeme hata kidogo. Geuza kichwa, magurudumu yatazame juu, kisha sogeza pini au skrubu ndogo ya chuma karibu na mota. Ikirukia na kunata, mota ina sumaku ya kudumu: hiyo ni DC. Isipovutwa, au ikivutwa kidogo sana, basi sumaku yake ni koili ya waya, na mota hiyo ilikusudiwa AC. Jaribu pande zote mbili za mota, maana sumaku nyingine zimejificha juu. Jaribio hili linafaa kwa vichwa vya zamani. Ukifungua ukakuta bodi yenye chipu, kichwa ni cha dijitali, na sumaku haitakuambia kitu.

Transfoma ya marehemu

Hapa msimamo wangu ni mkali. Transfoma yenye umri wa miaka arobaini na zaidi isiingie ukutani kabla fundi umeme hajaipima, na hata ikifaulu ni afadhali ununue mpya. Ya zamani iweke kwenye mkusanyiko pamoja na kikaratasi kinachosema haitumiki. Usiikate waya kama unafikiria kuuza, kwa sababu wakusanyaji hupenda kitu kizima.

Waya unaopasuka ukiupinda, au unaomwaga unga wa mpira, umekwisha. Wala usibadilishe waya kwa kukisia rangi. Kwenye nyaya za zamani za Uingereza, nyekundu ni waya wenye moto. Kwenye nyaya za zamani za Ujerumani, nyekundu ilikuwa ya ethi. Ukichanganya hizo mbili, kasha la chuma la transfoma linabeba umeme wa ukutani, na anayeligusa ni mtoto aliyekuja kuangalia treni za babu.

Soma kibao chake. Transfoma ya Marekani imeandikwa volti 115 au 120 na hezi 60. Ikichomekwa kwenye volti 230 za Dar es Salaam au 240 za Nairobi, inaungua muda si mrefu. Kifaa cha kushusha volti kinasaidia nusu tu, kwa sababu hezi zinabaki 50 na transfoma iliyosukwa kwa 60 itazidi kupata moto. Zile za Kijerumani za zamani ni za volti 220, ila zipo pia za 110, kwa hiyo soma kweli, usidhani. Iliyoandikwa 220 ikipewa 230, volti 24 za kugeuza mwelekeo zinakuwa karibu 25. Kichwa cha zamani cha chuma kitavumilia, lakini kile kilichofungwa kifaa cha kielektroniki baadaye kinaweza kuungua.

Ukisikia harufu mbaya kali, ya kitu kilichooza kikachanganyika na kilichoungua, chomoa na ufungue madirisha. Vidhibiti vingi vya mwendo vya DC vya wakati ule vina rektifaya (kigeuza AC kuwa DC) ya seleniamu, vile visahani vya chuma vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja. Ikizeeka, nguvu inapungua kabla ya kuungua, na moshi wake ni sumu.

Kisha kuna jambo nadra lakini la kuua. Baadhi ya treni kubwa za Ulaya za mwanzoni mwa karne ya 20 ziliendeshwa kwa umeme wa ukutani uliopitishwa kwenye balbu tu, bila transfoma. Ukikuta reli za bati za aina hiyo pamoja na kishikio cha balbu, hizo ni za kutazama maisha yote.

Hakuna kichwa hata kimoja kinachotembea

Kama vyote vimekataa, acha vichwa, angalia reli. Toa kila kitu juu yake, washa. Kama kidhibiti kinakata umeme hata reli zikiwa tupu, kuna shoti kwenye reli zenyewe: sarafu, msumari, waya uliopinda, au, kwenye reli za bati za Dublo na Märklin, kihami kilichochakaa kinachotenga reli ya katikati na kitako cha bati. Tenganisha vipande, upime kimoja kimoja kwa mita ya umeme. Ni kazi ya kuchosha, ila haina ujanja.

Kama kidhibiti hakikati na treni haziendi, pima volti karibu na mahali waya unapoingia, kisha upande wa mbali. Zikiwepo mwanzoni na kupotea mwishoni, viungio vya reli vimelegea au vimeingia kutu. Zikiwepo kote, reli ni chafu. Sugua kwa kitambaa chenye pombe ya isopropili, na penye uchafu sugu tumia kifutio cha penseli. Msasa uache, kwa sababu mikwaruzo yake ndiyo itakayokusanya uchafu mpya wiki ijayo.

Angalia pia kama umechanganya mifumo. Kichwa cha reli mbili juu ya reli za Märklin kinakaa kimya kabisa, kwa kuwa reli mbili za pembeni kule zote ni upande mmoja wa umeme. Kichwa cha Märklin juu ya reli mbili za DC kinafanya kidhibiti kikate umeme palepale, kwa sababu magurudumu yake hayana kihami. Na kichwa cha kawaida cha DC kikitoa mluzi mwembamba huku kimesimama, huenda umekiweka kwenye reli za dijitali. Kitoe haraka, kinaungua polepole.

Kichwa kimoja kimegoma

Anza na mikono. Usisukume magurudumu kwa nguvu. Vichwa vingi vya Kiingereza na vya Marekani vina gia ya skrubu kwenye mhimili wa mota, na gia hiyo haizunguki ukianzia kwenye gurudumu. Ukilazimisha, gurudumu linateleza kwenye ekseli yake, na vyuma vya pembeni havitapatana tena. Fungua kasha, zungusha mhimili wa mota wenyewe kwa ncha ya kidole. Ikizunguka laini, tatizo ni umeme. Ikiwa nzito au imeganda, tatizo ni mafuta, au jambo baya zaidi ambalo nitalifikia.

Mafuta yaliyoganda utayajua kwa macho: rangi ya kahawia, yananata, mara nyingine magumu. Ondoa kwa isopropili au petroli ya kujazia kiberiti, kwa pamba za masikio na kijiti cha meno, na ujaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana rangi nyingine zinalainika. Asetoni isikaribie plastiki, inaiyeyusha. Dawa za kupulizia za kufungulia nati zilizoganda nazo ziache: leo zinalainisha, kesho zimekuwa gundi. Vikikauka, weka mafuta mapya kwa ncha ya sindano, tone moja kwa kila tundu la mhimili. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa chuma. Kwa gia za plastiki tafuta yale yaliyoandikwa kwamba hayadhuru plastiki. Mafuta ya kupikia hayamo kwenye orodha hii kabisa.

Kama inazunguka laini lakini haipokei umeme, fuata njia ya umeme kutoka relini hadi kwenye mota. Ule mguso unaokusanya umeme umejaa nywele na vumbi? Waya umekatika kwenye lehemu? Kisha angalia brashi (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota) na komyuteta, kile kichwa cha shaba ambacho brashi zinakigusa. Inapaswa kuwa ya rangi ya shaba, yenye nyufa safi kati ya vipande vyake. Ikiwa nyeusi, isugue kwa pamba yenye isopropili, halafu pitisha kijiti cha meno kwenye kila ufa ili kutoa unga wa kaboni. Unga huo huunganisha vipande ambavyo havikupaswa kuunganishwa. Usiweke mafuta hapo, hata tone. Kwenye mota za zamani za Märklin usishangae ukikuta brashi mbili zisizofanana: moja ya kaboni, nyingine ya wavu wa shaba. Zimeumbwa hivyo. Watu hudhani aliyetangulia alikosea, wakabadilisha zote mbili.

Kwa mota za DC za miaka ya 1970 na kuendelea, betri ya volti 9 ya mstatili inatosha kupima kama mota ina uhai: gusa nyaya mbili kwenye brashi. Vikongwe vyenye sumaku kubwa vinataka mkondo mwingi kuliko unaoweza kutolewa na betri hiyo, kwa hiyo usihukumu kwa betri peke yake.

Kinatembea, lakini vibaya

Kinakwenda mbio bila mzigo, kinachoka kikivuta mabehewa matatu, na kinapata moto. Sumaku imedhoofika. Hili ni la kawaida kwa Dublo za mwanzo zenye sumaku ya kiatu cha farasi. Wapo mafundi wanaorudisha nguvu za sumaku kwa mashine yao, na baada ya hapo kichwa kinabadilika kabisa. Onyo moja: sumaku nyingi za wakati ule hupoteza nguvu ukichomoa rota (sehemu ya mota inayozunguka) katikati yake na kuiacha sumaku wazi. Ukilazimika kuitoa, weka kipande cha chuma kikiunganisha ncha mbili za sumaku papo hapo.

Kinagonga, tok, tok, kila gurudumu likizunguka, kana kwamba reli ina jiwe. Gia ya plastiki imepasuka pale inapobana ekseli. Plastiki imesinyaa kwa miaka, chuma hakikusinyaa. Vichwa vya Marekani vya Life-Like Proto 2000 vinajulikana kwa ugonjwa huu. Gundi haishiki kwenye plastiki hiyo, nunua gia mpya.

Magurudumu yanazunguka, treni haiendi. Vipete vya mpira vya kwenye magurudumu vimekuwa vigumu au vimepotea. Pima kipenyo cha gurudumu, uagize vipya.

Kinasimama mahali palepale kila mzunguko: ni reli. Kinasimama popote: ni kichwa.

Kichwa cha Lionel kinaunguruma, taa inawaka, hakisogei. Warithi wengi huishia hapa wakiamini mota imeungua, na si kweli. Vichwa vile vina kifaa cha kugeuza mwelekeo chenye hatua: mbele, kati, nyuma, kati. Kila unapokata umeme na kuurudisha, kinasogea hatua moja. Huenda kimelala kwenye kati, na kuna kishikizo kidogo kinachoweza kukifunga hapo hapo. Tafuta kishikizo, kisogeze, kata na urudishe umeme mara kadhaa. Mngurumo wenyewe ni wa kawaida, ni koili ya AC.

Kwa Märklin ya zamani tatizo la ndugu yake ni hili: ukibonyeza ili kigeuke, kinaruka mbele kwa nguvu na hakigeuki. Springi ndogo ya kifaa cha kugeuza imekaza mno. Ikilegea mno, nayo inageuza yenyewe kichwa kikiwa katika mwendo mkali. Springi hiyo hurekebishwa kwa kukipinda kishikio chake kidogo kidogo kwa koleo nyembamba, ukijaribu kila hatua. Kabla ya hapo, safisha mguso wake, na upime kama transfoma inafikisha kweli zile volti 24. Na ukiendesha kichwa hiki kwa DC kitakwenda, ila ukipindua swichi ya mwelekeo kitaendelea kulekule. Koili na rota vinageuka pamoja, mwelekeo unabaki uleule.

Za kuvuta kwa springi

Za O, hasa za Hornby zilizoanza 1920, nyingi hazina umeme. Ufunguo ukizunguka bila kukaza, springi imekatika au imetoka kwenye ndoana yake. Ufunguo ukikaza na gari likakataa kwenda, tazama kwanza breki, kuna kishikizo kwa dereva. Kisha tazama mafuta yaliyoganda. Usifungue mashine ambayo bado imevutwa. Springi ya chuma ikichomoka inakata nyama ya kidole. Iache ilegee kwanza, na usiiache ikimbie magurudumu yakiwa hewani.

Imesafishwa, imepakwa mafuta, bado ni nzito

Hili ndilo jambo baya nililolitaja juu, na ndilo ninalotaka ulitambue mapema kabla hujapoteza fedha.

Vichwa vingi vya miaka ya 1930, na baadhi ya vya baada ya vita, vina sehemu zilizomiminwa kwa aloi ya zinki. Waingereza huiita mazak, Wajerumani zamak. Kama kiwandani ziliingia chembe za madini ya risasi kwenye mchanganyiko, aloi huanza kuoza ndani kwa ndani, kwenye mipaka ya punje za chuma chenyewe. Unyevu na joto huharakisha. Chuma huvimba, hupasuka, mwishoni hubomoka mkononi.

Dalili za kwanza ni ndogo sana. Kasha halitoki ingawa skrubu zote umeondoa, kwa sababu fremu ya ndani imerefuka. Magurudumu yanabana, kwa sababu matundu ya ekseli yamesogea. Weka fremu juu ya kioo cha meza: ikiwa imepinda kama ndizi, jibu umelipata. Angalia kwa kioo cha kukuzia mahali chuma ni chembamba, kando ya skrubu na kwenye spoku za magurudumu. Nyufa nyembamba zinazokatizana kama wavu ndizo zenyewe. Ukiwa na kichwa kingine cha aina ileile kilicho kizima, pima fremu zote mbili kwa kalipa. Tofauti ya milimita moja inatosha kueleza kwa nini mota inahangaika.

Usichanganye na unga mweupe wa juu juu. Zinki iliyokaa kwenye unyevu hutoa unga huo bila kuoza ndani. Ukifutwa na chuma kikabaki kizima bila nyufa, hakuna haja ya hofu.

Hakuna dawa. Mafuta, vanishi, gundi: hakuna kinachorudisha chuma kilichooza. Lakini pia haiambukizi. Nimesikia watu wakitenga boksi zima, hata kutupa vichwa vizima vilivyokaa karibu na kilichooza. Kila kipande kinaoza kwa sababu ya yaliyomo ndani yake tangu siku kilipomiminwa. Kinachoweza kufanyika ni kubadilisha: fremu na magurudumu mapya ya mifano maarufu hutengenezwa na kuuzwa, na mota ya kale inaweza kuhamia kwenye fremu mpya. Kichwa chenye dalili za mwanzo kabisa usikiendeshe. Kiweke mahali pakavu, penye joto lisilopandapanda. Kwa anayekaa Mombasa, Zanzibar au Muscat, hiyo maana yake ni boksi lililofungwa vizuri lenye vipakiti vya silika, mbali na ukuta wa nje, na vipakiti vibadilishwe vikishajaa maji.

Ondoa pia sponji za zamani zilizomo kwenye maboksi. Sponji ya miaka ile huyeyuka polepole na kunata kwenye rangi, na ukiivuta inatoka na maandishi ya kampuni ya reli yaliyochorwa ubavuni. Funga kila kichwa kwa karatasi laini isiyo na asidi. Boksi lenyewe lihifadhi hata kama limechanika.

Treni inaacha reli, mabehewa hayaungani

Haya ni mepesi. Mabehewa ya zamani ya kampuni za Lima na Tri-ang yana kingo nene za magurudumu. Kwenye reli za kisasa za kodi 75 (kodi, "code", ni kimo cha reli kwa elfu za inchi), zenye kimo cha takriban milimita 1.9, kingo hizo zinagonga vishikio vya reli. Tumia kodi 100, ambayo ni milimita 2.54. Kulabu nazo: Tri-ang, Dublo na za Marekani hazishikani. Badala ya kukata za zamani, teua behewa moja, lifunge kulabu tofauti kila ncha, liwe kiungo kati ya treni mbili.

Rangi za bati za zamani zinaweza kuwa na risasi. Nawa mikono baada ya kazi, na usiwape treni hizo watoto wachanga wanaotia kila kitu mdomoni. Bati lenye kutu usilioshe kwa maji. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, uishie hapo. Kupaka rangi upya kunaondoa sehemu kubwa ya thamani, na kunafuta alama za mikono ya aliyevitunza.

Kila kichwa ukimaliza, andikia kadi na uiweke ndani ya boksi lake: AC au DC, volti, ulichosafisha, ulichobadilisha, kasoro iliyobaki, tarehe. Kilichopona kiendeshe dakika chache kila baada ya miezi michache, mwendo wa pole, mbele na nyuma. Kabla ya kukirudisha kabatini, chungulia chini ya mota. Ukiona mafuta yamevuja yakafika kwenye komyuteta, isafishe siku hiyohiyo.